Kutu Chini ya Turubai: Uchambuzi wa Kisa cha Gari Lililohifadhiwa Gerejini

Gari halikuguswa na tone la mvua kwa zaidi ya mwaka. Lilikuwa ndani ya gereji ya nyumbani yenye kuta za matofali ya saruji, sakafu ya zege, paa la bati lisilo na dari, na mlango wa chuma unaofungwa kwa kufuli. Juu yake lilivikwa turubai zito la nailoni. Mwenye gari alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali, na mdogo wake ndiye aliyebaki na funguo. Kijana huyo hakuwa mzembe hata kidogo. Kila asubuhi alifungua mlango gari lipate hewa, na kila mwisho wa juma aliwasha injini dakika kama kumi ili lisilale sana. Hata hivyo, siku turubai lilipovuliwa lote, diski za breki zilikuwa nyekundu kwa kutu, viti vya ngozi vimeota ukungu mweupe, breki ya mkono imeshika haiachii, na kabureta imetoka unga mweupe, ambao ndio kutu ya alumini.

Mwenye gari alipotumiwa picha alipiga simu akauliza jambo moja tu: “Fundi, gari liko ndani na paa halivuji. Hayo maji yametoka wapi?”

Ni swali la msingi, na wengi walio katika hali yake hawaliulizi. Hukimbilia kununua mashine ya kukausha hewa au dawa ya kutu, kisha wanashangaa mwaka unaofuata kutu imerudi pale pale. Katika kisa hiki jibu la swali hilo ndilo lililoamua kila kilichofanyika baadaye, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Gari lenyewe ni sedani ya petroli ya miaka ya 1980: injini ya kabureta, bodi ya chuma, viti vya ngozi, dashibodi yenye kipande cha mbao. Nayataja haya kwa sababu kila kimoja kina matakwa yake. Chuma kingetaka hewa kavu kadiri inavyowezekana. Ngozi, mbao na mipira ya milango hukakamaa na kupasuka hewa ikikauka kupita kiasi. Ndiyo maana anayehifadhi gari zima halengi ukavu mtupu. Analenga unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 55, na hata makumbusho yenye vitu vya mchanganyiko wa chuma, mbao na ngozi mara nyingi hulenga karibu na 50. Ukivuka 60, kutu huanza kwenda mbio. Ukikaa juu ya 70, ukungu hupata makao kwenye ngozi na zulia.

Kupima kabla ya kusema

Kabla ya kupima gereji tulivipima vipimo vyenyewe. Vipimo vidogo vya unyevu vya bei nafuu hupotoka kwa asilimia kadhaa, na hapa tofauti ya asilimia 5 inatosha kukudanganya kwamba uko salama. Njia ya kuvikagua haihitaji maabara. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi ya mezani, kisha idondoshee maji kidogo kidogo hadi ilowe yote bila kuyeyuka. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa, uviache hadi kesho yake mahali ambapo joto halibadiliki sana. Chumvi iliyolowa hivyo huishikilia hewa ya ndani ya chombo kwenye asilimia 75, iwe ni nyuzi 20 au nyuzi 25 za Selsiasi. Kimoja cha vipimo vyetu kilisoma 81. Hatukukitupa. Kiliandikwa mgongoni kwa kalamu “toa 6”, kazi ikaendelea.

Kipimo kimoja kiliwekwa ukutani usawa wa kifua. Cha pili kiliwekwa chini ya gari, karibu na sakafu, kwa kuwa hewa ya pale haifanani na ya ukutani. Cha tatu kilikuwa kipimajoto cha waya, kilichofungwa kwenye diski ya breki ya mbele. Hiki cha tatu ndicho ambacho watu hawakiweki, na bila hicho kisa hiki kisingeeleweka, kwa sababu maji hayatui kwenye hewa ya gereji. Yanatua kwenye chuma, na joto la chuma si lazima liwe sawa na la hewa.

Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa nyuzi 20, mwisho wake ni kama gramu 17. Ikiwa nyuzi 10, ni gramu 9 na kidogo. Asilimia tunayoisoma kwenye kipimo inaonyesha hewa imebeba kiasi gani cha ule mzigo wake wa mwisho, kwa joto lake la wakati huo. Ukiipoza hewa bila kuitoa maji, asilimia inapanda. Ukiendelea kuipoza, inafika mahali haiwezi tena, na maji yaliyozidi yanatua kwenye chochote chenye baridi kilicho karibu. Joto hilo la mahali inaposhindwa ndilo kiwango cha umande. Chuma chochote kilicho na baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa inayokigusa kitalowa, hata kama kiko ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli saba.

Sasa tazama asubuhi moja ya gereji hii. Saa kumi na moja alfajiri hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 16, unyevu asilimia 93, na diski nayo nyuzi 16. Saa tatu asubuhi kijana akaja, akafungua mlango kama kawaida yake. Nje kulikuwa na jua, nyuzi 25, unyevu asilimia 75. Kwa mtu aliyesimama pale, hewa ile ilikuwa nzuri na nyepesi kuliko ile nzito ya ndani. Lakini hewa ya nyuzi 25 yenye asilimia 75 imebeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, na kiwango chake cha umande ni karibu nyuzi 20. Diski ilikuwa imefika nyuzi 17 tu. Baada ya dakika chache uso wake ulififia. Ukipitisha kidole, kidole kinaacha mstari unaong'aa na ncha yake inalowa.

Kufika adhuhuri diski ilikuwa imepata joto na kukauka. Mtu anayekuja mchana haoni chochote. Ndiyo maana jambo hili liliendelea siku kwa siku bila mtu kulijua: chuma kinalowa asubuhi, kinakauka mchana, kinaachwa na tabaka jipya jembamba la kutu kila mara. Na diski ni sehemu nyepesi, inawahi kupata joto. Bloku ya injini na gia boksi huchelewa kwa saa nyingi, kwa hiyo hukaa chini ya kiwango cha umande muda mrefu zaidi. Hewa hiyo hiyo hujipenyeza ndani ya tangi, ndani ya difu, ndani ya taa za mbele, na ndani ya silinda ambayo vali yake imesimama wazi, na maji hutua huko ambako hakuna jicho linalofika.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa ngumu kumwambia kijana, na tulimwambia kwa upole: mlango aliokuwa akiufungua kwa kulijali gari ndio uliokuwa ukiingiza maji.

Paa na sakafu

Turubai lilikuwa na madoa ya matone yaliyojipanga mistari, na mistari hiyo ilifuata migongo ya bati. Mwenye gari alikwisha kumlipa mtu aje azibe matundu ya paa, na matone hayakukoma. Paa halikuwa na tundu. Mchana mlango ulipokuwa wazi gereji ilijaa hewa ya joto yenye maji mengi, jioni mlango ukafungwa na hewa hiyo ikabaki ndani. Usiku wa anga wazi bati hutupa joto lake angani na kupoa hata kuliko hewa iliyolizunguka, na maji ya hewa ya ndani hutua upande wake wa chini. Yanakusanyika, yanateleza hadi kwenye mgongo, yanadondoka. Turubai la nailoni liliyapokea, na kwa kuwa halipumui, mvuke uliokuwa chini yake nao ukakosa pa kutokea. Kipimo kingine cha unyevu kilichowekwa chini ya turubai kilisoma juu kuliko vile viwili vya kwanza, usiku na mchana.

Sakafu tuliipima kwa kipande cha nailoni angavu, upana wa nusu mita kila upande, kilichobandikwa kwa tepu pande zote nne na kuachwa kwa zaidi ya saa 16. Kimoja kilibandikwa katikati ya gereji na kingine karibu na ukuta wa nyuma. Kipimo hiki kina uzuri wake: maji yakionekana juu ya nailoni, yametoka hewani, yakionekana chini yake, yanapanda kutoka ardhini kupitia zege. Kile cha katikati kilikuwa na ukungu hafifu wa maji upande wa chini. Kile cha ukutani kilikuwa na matone yanayotembea ukikigusa, na zege chini yake imegeuka nyeusi. Tulipozunguka nje tukakuta bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani linamwaga pale pale kwenye msingi wa ukuta huo, na ardhi imeinamia ndani badala ya nje.

Kitu kimoja nataka kukisisitiza hapa, kwa sababu ndicho kinachowapoteza wanaoanza na mashine. Gereji hii ina urefu wa mita 6, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 52 na nusu. Hata hewa yake ikiwa na gramu 17 kwa kila mita, maji yote yaliyomo hayafiki lita moja. Mashine ndogo kabisa ingeyatoa kwa saa chache. Kinachoshinda mashine ni maji yanayoendelea kuja, kutoka mlangoni na kutoka sakafuni. Anayeweka mashine huku mlango una upenyo wa vidole vitatu chini na ukuta unanyonya maji ya mvua, anajaribu kuikausha hewa ya dunia nzima.

Injini iliyowashwa kila mwisho wa juma

Tulipofungua kifuniko cha mafuta ya injini, ndani yake kulikuwa na utando mzito wa rangi ya maziwa. Hayo ni mafuta yaliyochanganyika na maji. Silensa ilipogongwa, maganda ya kutu yalisikika yakianguka ndani.

Petroli inapoungua hutoa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji ya takriban lita moja, yakiwa mvuke. Safarini mvuke huo hutoka nje kwa sababu injini na eksozi vimepata moto wa kutosha. Injini ikiwashwa dakika kumi ikiwa imesimama, haipati moto huo. Mvuke hutua ndani ya eksozi, na sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye mafuta, pamoja na mabaki ya kuungua ambayo yakikutana na maji huwa asidi. Injini inabaki hivyo wiki nzima, kisha inaongezewa tena. Betri nayo haijazwi kwa dakika hizo; mara nyingi hairudishiwi hata kile kilichotumika kuwasha. Na juu ya yote, moshi wa gari ndani ya chumba huua mtu, kwa kuwa gesi ya sumu iliyomo ndani yake haina harufu ya kumwonya. Hilo peke yake lingetosha kuacha.

Msimamo wangu ni kwamba gari linalohifadhiwa ama liendeshwe barabarani hadi lipate moto hasa, nusu saa au zaidi, ama lisiguswe kabisa. Njia ya katikati ndiyo inayoliua.

Ushauri tulioukataa

Jirani mmoja alishauri hita. Wazo halina ubaya wote. Ukichukua hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 80 ukaipasha hadi nyuzi 20 bila kuongeza wala kupunguza maji yake, asilimia inashuka hadi karibu 59. Lakini maji bado yapo, na hita ikizimwa yanarudi kutua. Hita ya gesi au ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutolea moshi ni mbaya zaidi, kwani kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa maji yanayozidi kilo moja na nusu, na yote yanabaki ndani ya gereji. Isitoshe, joto lenyewe halina faida kwa gari lililolala. Mpira huzeeka haraka zaidi, na betri hujitoa chaji upesi zaidi kwa kila nyuzi zinazoongezeka. Gereji ya nyuzi 10 hadi 20 inatosha sana. Chenye thamani ni joto lisilopanda na kushuka ghafla, maana kila mruko wa ghafla unakiacha chuma nyuma ya hewa.

Ukawapo ushauri wa vile vikopo vya chumvi ya kalsiamu inayonyonya maji. Ndani ya kabati la nguo vinafanya kazi. Ndani ya gereji ya ukubwa huu vinajaa maji kabla havijaleta tofauti, na yale maji ya chumvi yakimwagika kwenye zulia la gari, umeliletea adui mkubwa kuliko unyevu wa hewa. Punje za silika ni salama zaidi. Hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi na kutumika tena, na zinafaa ndani ya gari lililofungwa madirisha au ndani ya mfuko maalumu wa gari unaofungwa kwa zipu. Kwa gereji nzima hazitoshi.

Kilichofanyika, kwa mpangilio wake

Maji ya nje yalishughulikiwa kwanza. Bomba la paa liliongezwa urefu likamwage mbali na msingi, na udongo ukarekebishwa uiname kutoka ukutani. Kazi hii haikugusa gari wala haikuwa na mashine yoyote, lakini kipande cha nailoni kilipobandikwa tena ukutani wiki kadhaa baadaye, matone yalikuwa yamekwisha na kubaki ukungu mwembamba tu.

Ukungu huo uliobaki ulizuiwa kwa nailoni nzito ya wajenzi iliyotandazwa sakafu nzima, vipande vikipandiana kwa upana wa shibiri na zaidi, maungio yakabandikwa tepu, kingo zikapandishwa ukutani kidogo. Juu yake ziliwekwa mbao ngumu ili gari lipite bila kuichana. Kuna wanaopaka epoksi ya kuzuia unyevu, nayo ni njia nzuri kama zege imekauka kwanza. Rangi ya kawaida ya sakafu haifai. Unyevu unaopanda utaibandua.

Chini ya bati liliwekwa tabaka la mbao za foamu zilizozibwa maungio yake yote, hewa ya ndani isilifikie bati baridi. Mlango ulifungwa mpira chini na pembeni. Tuliukagua kwa kufunga taa zote mchana na kutazama mwanga unapopenya, kisha tukaziba palipobaki. Baada ya hapo tu ndipo mashine ya kukausha hewa ikaletwa.

Mashine hizi ziko za aina mbili, na kuchagua isiyofaa ni hasara. Ile yenye kompresa, inayofanya kazi kwa kanuni ya friji, inafaa pale ambapo gereji hukaa juu ya nyuzi 15. Chini ya hapo nguvu zake hupungua, na karibu na nyuzi 5 koili zake hushika barafu. Penye baridi hutumika ile yenye gurudumu la kunyonya maji, inayofanya kazi hata karibu na nyuzi sifuri. Gereji hii haikuwahi kushuka chini ya 15, kwa hiyo tuliweka ya kompresa. Soma vizuri namba iliyo kwenye boksi: lita zinazotangazwa kwa siku mara nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kwenye nyuzi 20 na asilimia 60 mashine ile ile inaweza kutoa nusu yake au pungufu. Yetu iliwekwa kwenye asilimia 50, ikaelekezewa mpira wa kutolea maji hadi nje kupitia ukutani. Ndoo ya mashine isitegemewe hata siku moja, maana ikijaa mashine inajizima, na mwenye ndoo huenda amesafiri.

Feni moja ndogo iliachwa ikizungusha hewa polepole chini ya gari. Haikaushi chochote, inasaidia chuma na hewa vifanane joto, na inazuia pembe zenye hewa iliyotuama. Turubai la nailoni liliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na shuka la kitambaa linalopumua.

Gari lenyewe

Sehemu hii nitaipita haraka isipokuwa jambo moja. Mafuta ya injini yalibadilishwa, kwa sababu ya maji na asidi niliyoyataja. Tangi lilijazwa petroli mpya karibu na mdomo pamoja na dawa ya kuitunza, kwani petroli yenye ethanoli huvuta maji na yakizidi hujitenga yakakaa chini ya tangi. Kabureta ikamwagwa ikabaki kavu. Silinda zilipuliziwa mafuta kupitia matundu ya plagi. Betri ilitolewa ikawekwa kwenye chaja ya kulinda chaji, kwa kuwa betri inayoachwa chini ya volti 12.4 muda mrefu huharibika sahani zake. Tairi ziliongezwa upepo na magurudumu yakawekewa vigingi, breki ya mkono ikaachwa wazi. Mafuta ya breki yalibadilishwa nayo: aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango chake cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155, na maji hayo ndiyo yanayokula silinda za breki kwa ndani.

Jambo la kukalia ni matope. Ndani ya mkunjo wa bodi juu ya gurudumu la nyuma kushoto kulikuwa na tabaka la udongo lenye unene wa kidole, lililobebwa kutoka safari ya mwisho kabla gari halijafungiwa. Lilikuwa bado na unyevu. Bisibisi ilipokwangua pale, ilipita hadi upande wa pili. Upande wa kulia, mkunjo ule ule ulikuwa msafi na chuma chake kizima.

Sababu yake inahusu namba zote nilizotaja juu. Kile kikomo cha asilimia 60 ni cha chuma safi. Udongo wenye chumvi hubadilisha hesabu. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji hewani ikifika asilimia 75, lakini chumvi ya magnesiamu, iliyomo katika maji ya bahari na pia hutumika kuyeyushia barafu barabarani, hulowa kuanzia karibu asilimia 33. Maana yake ni kwamba hata gereji iliyotunzwa vizuri kwenye asilimia 50 haiwezi kukikausha chuma kilichofunikwa na chumvi hiyo. Gari lioshwe uvunguni kwa maji mengi safi, mikunjo yote ifikiwe kwa mkono, kisha liendeshwe hadi likauke kwa moto wake lenyewe, ndipo lifungiwe. Hakuna mashine itakayoifanya kazi hii baadaye. Namwomba kila anayejiandaa kuhifadhi gari aanzie hapa, hata kama hatakuwa na uwezo wa kufanya mengine yote.

Hali ilivyo sasa

Siku za kwanza mashine ilitoa maji kwa wingi, kwani mbao, zulia na zege vilikuwa vimelowa na vilihitaji muda wa kutoa. Kisha ikaanza kupumzika kwa saa nyingi kati ya mizunguko. Vipimo viwili vya hewa sasa hukaa kati ya 48 na 54. Tofauti ya joto kati ya alfajiri na mchana, iliyokuwa karibu nyuzi 10, imepungua hadi nyuzi 3 au 4, na diski haijaonekana tena ikififia. Ukungu ulifutwa viti vikapakwa mafuta ya ngozi, na haujarudi. Breki ya mkono iliachia baada ya kufunguliwa na kusafishwa, diski zikasuguliwa.

Kipindi kilichonipa imani kuliko vyote ni pale umeme ulipokatika siku mbili mfululizo. Unyevu ulipanda taratibu kutoka 49 hadi 57, haukuvuka 60. Gereji isiyozibwa ingerudi kwenye unyevu wa nje kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo kazi ya mpira wa mlango, dari na nailoni ya sakafu ndiyo inayobeba uzito, mashine inamalizia.

Kijana bado anapenda kulitazama gari, na hatukumzuia. Ana kipimo cha nje na jedwali la kiwango cha umande lililobandikwa mlangoni. Kabla ya kufungua analinganisha kiwango cha umande cha nje na joto la diski linaloonekana kwenye kipimo cha waya. Nje kukiwa na nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50, kiwango cha umande ni nyuzi 11, na chuma chenye nyuzi 18 kiko salama. Anafungua, anaingia, anakagua shinikizo la tairi na mpira wa maji. Nje kukiwa na nyuzi 25 na asilimia 75, mlango unabaki umefungwa hata kama jua linapendeza. Ule mkunjo uliotoboka umekwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwa muda, na utachomelewa bati jipya mwenye gari atakaporudi. Kipimo cha chini ya gari tulikihamishia pale, sababu pembe ile ndiyo inayosoma juu kuliko sehemu nyingine zote za gereji.